Maji, Daktari

Kwa mujibu wa kipimo kilichofanyika tarehe kumi na moja ya mwezi wa tatu, kelele ya mashine ya kutoboa mfupa katika chumba cha upasuaji namba mbili iko ndani ya kiwango salama, na haiwezi kudhuru usikivu wa mgonjwa wala wa mtumishi yeyote. Hivyo ndivyo linavyosema tangazo lililobandikwa kwenye korido, kati ya sinki la kunawia mikono na kabati la viatu. Lina mihuri miwili, mmoja wa duara na mwingine wa mstatili, ili ambaye hakushawishika na wa kwanza ashawishike na wa pili. Limekaa pale miaka sita. Karatasi imegeuka rangi ya chai, lakini kiwango hakijabadilika.

Mtu aliyepita mbele ya tangazo hilo mara nyingi kuliko wote alikuwa nesi wa chumba namba mbili, mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye mwendo wa mtu anayebeba sinia lililojaa. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya mishahara na mahali pengine halikutumika. Kwa miaka ishirini na mitatu aliitwa Mama Maji.

Upasuaji wa sikio, kwa asiyeujua, ni useremala unaofanywa ndani ya nafasi ya kutosha njegere mbili. Daktari hukata ngozi nyuma ya sikio, kisha hutoboa mfupa kwa keekee ndogo inayozunguka kwa kasi ya ajabu, mpaka aufikie usaha uliojificha. Mfupa ukitobolewa hupata moto, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuumwagia maji kwa bomba la sindano, tone kwa tone, huku mkono wake wa pili umeshika mpira wa kuyanyonya maji hayohayo. Huyo ndiye aliyekuwa Mama Maji. Ndani ya lile shimo kuna vifupa vitatu ambavyo hata vikiwekwa pamoja havijazi ukucha wa kidole kidogo. Keekee ikigusa kimojawapo ikiwa inazunguka, mtikisiko huingia moja kwa moja sehemu ya ndani kabisa, na sikio lililoletwa kutibiwa linatoka likiwa safi, kavu, na kiziwi.

Kuna dalili moja inayotangulia. Mfupa ukibaki mwembamba, sauti ya keekee hubadilika: inaacha kusaga na kuanza kupiga filimbi, nyembamba kama uzi. Daktari ameinamia darubini, na macho hupotezwa na damu na maji. Filimbi haimpotezi mtu. Mama Maji, ambaye sikio lake la kushoto lilikuwa umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye keekee, aliisikia kabla ya wote.

Tatizo lilikuwa jinsi ya kusema. Alipoanza kazi, chumba kilikuwa chini ya daktari mmoja mkubwa, sasa marehemu, ambaye hakuwahi kuambiwa "simama" na mtu yeyote tangu alipojifunza kutembea. Nesi kumwambia asimame lingekuwa jambo la kuitishiwa kikao. Ikapatikana njia. Nesi angesema, "Maji, daktari," ingawa maji yalikuwa yanatiririka muda wote na kila mtu aliyaona. Daktari angesimama, kana kwamba kapenda mwenyewe, atazame, aendelee kwa hadhari. Heshima ya daktari ikabaki mahali pake, na masikio ya wagonjwa vilevile. Daktari wa sasa, anayeitwa Bingwa na hospitali nzima pamoja na mke wake, alilirithi neno hilo pamoja na darubini.

Mtu wa tatu mezani alikuwa yule wa dawa ya usingizi, ambaye kwa kuwa mgonjwa wake kila mara amelala, alilazimika kuongea na waliobaki.

"Shemeji," alimwambia Mama Maji karibu kila wiki, "hii ndoa yako na Bingwa ndiyo ndefu kuliko zote hapa hospitalini. Mimi wa kwangu anataka tuongee. Nyinyi neno moja tu, na mnaelewana."

"Wewe angalia mgonjwa wako," Bingwa alikuwa akijibu bila kuinua kichwa.

"Mgonjwa wangu ameridhika. Umewahi kumwona ananilalamikia?"

Mama Maji alicheka chini ya barakoa. Alicheka sekunde moja baada ya wengine, lakini barakoa huficha mambo mengi.

Usikivu haukumtoka kwa kishindo. Ulihama kama mpangaji asiyetaka kuaga. Walianza nyenje. Walikuwa wakimkera dirishani kila jioni, halafu mwaka mmoja wakaacha, akafurahi kwamba wamehama. Ikafuata filimbi ya birika. Aliunguza mabirika mawili, akamlaumu fundi wa majiko, akanunua la tatu na kuanza kukaa mbele yake akilitazama mpaka litoe mvuke, kama mtu anayemsubiri mgeni asiyemwamini. Kisha ikaondoka sehemu ya juu ya sauti ya binti yake.

Binti ameolewa mji mwingine na hupiga simu Jumapili baada ya chakula cha mchana. Mama Maji aligundua kwamba mtu anayeongea hahitaji kusikia, basi akawa anaongea yeye. Alieleza bei za sokoni, bomba la jirani linalovuja, ndoto alizoota na nyingine ambazo hakuziota. Aliongea mpaka muda wa simu ukaisha. Binti akamwambia mumewe kwamba mama siku hizi amechangamka, lazima ana furaha.

Kwenye chumba cha chai cha manesi mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu pale wanaongea wanne kwa mpigo na mmoja ana chapati mdomoni. Alijaribu mbinu ya kutikisa kichwa. Siku moja alitikisa kichwa kwa tabasamu mwenzake alipokuwa akieleza msiba. Baada ya hapo akawa anakula peke yake kwenye stoo ya vifaa, amekalia katoni la glavu. Wenzake wakasema anaringa, amekaa sana na madaktari. Alijua wanasema hivyo kwa sababu hilo walilisema kwa sauti nene.

Filimbi ya keekee iliondoka lini, hakujua. Alichojua ni kwamba siku moja, katikati ya kazi, alimwona Bingwa amelegeza mkono, na yeye hakuwa amesikia kitu. Akasema, "Maji, daktari." Bingwa akasimama, akatazama, akaendelea. Mgonjwa akapona. Wiki iliyofuata ikawa vivyo hivyo. Bingwa alikuwa na mazoea: kabla ya kusimama, kifundo cha mkono wake wa kulia kililegea kidogo, kama cha mtu anayeweka kalamu chini. Mama Maji akajifunza kukisoma kifundo hicho. Alijiambia huo si udanganyifu. Jicho na sikio vyote viko kwenye kichwa kimoja, na kinacholetwa na hili si lazima kiletwe na lile.

Tena, kule ndani hapakuwa na mazungumzo ya kumpita. Palikuwa na neno moja tu, na lilikuwa lake. Kwenye chumba cha chai hakuna aliyesubiri aseme kitu, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kusubiri. Kwenye chumba namba mbili daktari bingwa, mtu mwenye vyeti vitatu ukutani, alikuwa akimsubiri yeye. Mtu hawezi kuliacha jambo kama hilo kwa sababu tu ya filimbi.

Akaendelea hivyo mwaka mmoja na miezi, mpaka aliporudi fundi saa.

Fundi saa alikuwa mzee mkavu, mwenye kidoti cheusi puani, aliyepasuliwa sikio la kulia miezi mitatu nyuma. Alikuja kliniki Jumatatu, amevaa koti, kwa sababu aliona si heshima kumshukuru daktari akiwa na shati tupu. Bingwa alikuwa ameitwa wodini, kwa hiyo shukrani akazipokea Mama Maji. Walikaa wakitazamana, mlango umefungwa, naye fundi aliongea taratibu, kwa hiyo zilimfikia karibu zote.

"Limekauka kabisa, mama. Harufu hakuna. Mke wangu amerudi kulala upande ule, miaka minne alikuwa ameuhama."

"Tunashukuru, baba."

"Ila kuna kitu kidogo. Sijui hata kama nikiseme."

"Sema tu."

Fundi akatoa saa mfukoni, ya kujaza kwa mkono, akaiweka kwenye sikio la kushoto. "Huku naisikia." Akaihamishia kulia. "Huku, mlikotengeneza, naisikia kama imezikwa. Na zamani, hata na usaha wote ule, huku ndiko nilikuwa nasikilizia. Si kwamba nalalamika. Mmeniokoa. Nauliza tu kama itarudi."

Mama Maji akaipokea saa, kama fundi anayetaka kuhakikisha kifaa kabla ya kumlaumu mteja. Akaiweka sikio la kushoto. Akaiweka la kulia.

"Lakini baba, hii imesimama."

"Haijasimama, mama."

"Imesimama."

"Tazama mshale."

Akatazama. Mshale mwembamba ulikuwa unatembea, unaruka hatua ndogondogo, hauna hili wala lile. Akairudisha sikioni, mshale ukiendelea kutembea kimyakimya kando ya shavu lake.

Mtu aliyetumia miaka arobaini kusikiliza vitu vidogo hupata hisia ya mambo. Fundi akamwangalia kwa huruma ya kweli.

"Na wewe," akauliza, "walikupasua lini?"

"Mimi sijapasuliwa."

"Ah," akasema fundi. Akaichukua saa yake polepole, kama mtu anayepokea kitu kutoka kwa mgonjwa. "Basi pole."

Kwenye faili la fundi saa kuliandikwa: usikivu wa sauti nyembamba umepungua, hali inayotarajiwa. Mama Maji alilisoma mara mbili. Aliikumbuka operesheni ile. Alisema "Maji, daktari" mara kumi na moja, na zote alizitoa kwenye kifundo cha mkono.

Jumatano asubuhi akalazwa mtoto wa kike wa miaka tisa. Sikio lake la kushoto liliuliwa na homa akiwa hajajua kutambaa. La kulia ndilo lililomfundisha kuongea, ndilo lililokuwa likienda shule, na ndilo lililokuwa likitoa usaha mwaka wa pili sasa. Lisipopasuliwa, uozo utapanda kwenye ubongo. Likipasuliwa vibaya, hapakuwa na la akiba. Bingwa alikuwa ameandika jina lake kwenye ubao kwa chaki: Alhamisi, saa mbili, chumba namba mbili.

Mama Maji alienda kumpima joto. Mtoto alikuwa amekaa kitandani, amegeuza sikio la kulia kwa kila aliyepita, kama ua linalofuata jua.

"Bibi, wewe ndiye utakayenitoboa?"

"Mimi sitoboi. Mimi namwaga maji tu."

"Ya nini?"

"Ili pasipate moto."

Mtoto akafikiri. "Basi mwaga mengi."

"Usimchoshe bibi," mama yake akasema kutoka kwenye kiti, kisha akamgeukia Mama Maji. "Samahani, mama. Akiwa na wasiwasi anauliza maswali. Usiku ananiuliza kama kesho atanisikia. Nimwambie nini?"

Mama Maji alimwambia alale vizuri, jambo ambalo halikuwa jibu, akaondoka na kipimajoto bila kuandika joto.

Mchana, saa tisa, alipiga moyo konde akaenda ofisini kwa Bingwa. Alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi. Alipomkuta amekaa peke yake, miwani imepanda kichwani, anakula karanga kutoka kwenye bahasha ya vipimo, maneno yakapungua.

"Bingwa, kile kitu sikisikii tena."

"Kitu gani?"

"Filimbi."

Bingwa aliacha kutafuna. "Tangu lini?"

"Mwaka jana. Labda kabla."

"Mwaka jana?" Aliinuka, akafunga mlango ambao tayari ulikuwa umefungwa. "Mwaka mzima unaniambia 'maji'. Ulikuwa unafuata nini?"

"Mkono wako. Ukiulegeza tu, mimi nasema."

Bingwa akakaa. Alitazama mkono wake wa kulia uliokuwa mezani kati ya maganda ya karanga, kama kitu kilichosahauliwa pale na mgeni.

"Mama," akasema, "mimi mkono nilikuwa naulegeza ili nikusikilize wewe."

Mama Maji hakuelewa mara moja, na safari hii hakukuwa na neno lililompita.

"Mimi ile filimbi iliniacha miaka mitano iliyopita," Bingwa akaendelea. "Nikasema haidhuru, yupo Mama Maji. Kila nikitoboa kidogo nalegeza, nakupa nafasi. Ukisema, nasimama. Usiposema, naendelea." Akacheka, kicheko kifupi kisicho na mtu ndani. "Hujawahi kutosema."

Kwa hiyo kwa mwaka mmoja na miezi, mezani pale, mmoja aliongozwa na mkono wa mwenzake, na mwenzake aliongozwa na neno la huyo mmoja, na kati yao alilala mgonjwa. Mtu pekee aliyekuwa bado na masikio mazima alikuwa yule wa dawa ya usingizi, na yeye alikuwa akiongea.

"Fundi saa," akasema Mama Maji.

"Najua."

"Na wengine?"

"Sijui. Hatukuuliza wengine wanasikiliza nini majumbani."

Bingwa alifanya jambo la haki siku hiyo, na inafaa kulitaja kwa sababu ndilo la mwisho. Alifuta jina la mtoto ubaoni kwa kiganja, akaandika barua ya kumhamishia hospitali nyingine yenye daktari kijana na mashine mpya. Kwenye nafasi ya sababu aliandika: darubini imeharibika. Kesho yake darubini ikafunikwa kwa kitambaa ili ifanane na maelezo.

"Kuhusu mimi," alimwambia Mama Maji mlangoni, "tuliache kwanza. Nitaenda kupimwa. Nipe muda tu."

"Sawa, Bingwa."

"Tutaenda wote."

Mama Maji alienda peke yake. Mpima masikio, kijana mpole aliyezoea kuongea kwa midomo mipana, alimfungia kwenye kibanda kidogo chenye kuta za sponji na kumvisha visikilizio. Alitoka na karatasi yenye mistari miwili iliyokwenda sawa mwanzoni kisha ikatumbukia.

"Uzee hushuka hivi," mpima masikio alimwonyesha kwa mkono, mteremko wa taratibu. "Hii imechimbwa shimo. Na la kushoto ni refu zaidi. Kushoto kuna nini, mama?"

"Kazi," akajibu.

Kijana aliandika: kelele za kazini. Akauliza kama yupo mwingine wa chumba hicho atakayekuja, maana alikuwa ametenga saa nzima. Mama Maji akasema hajui.

Yaliyofuata yalikwenda kwa utaratibu. Mama Maji aliandika barua kuomba itambuliwe kwamba masikio yake yaliharibikia kazini. Bingwa, ambaye ghafla aliona kwamba hospitali ilihitaji uzoefu wake zaidi kwenye uongozi, akaacha kupasua, akapandishwa kuwa mkuu wa huduma zote, kwenye chumba chenye zulia na sauti za chini. Majibu yalirudi baada ya miezi minne. Yalisema kwamba ombi limepitiwa kwa makini. Kwamba kwa mujibu wa tangazo husika, la kipimo cha tarehe kumi na moja ya mwezi wa tatu, kelele ya chumba namba mbili haiwezi kudhuru usikivu wa mtumishi. Na kwamba kwa kuwa haiwezi, basi haikudhuru. Alihamishiwa stoo ya mashuka kwa faida ya afya yake. Chini kulikuwa na saini ya mkuu wa huduma zote, na chini ya saini, kwa kalamu nyingine: Pole sana, mama.

Aliikunja barua, akaiweka kwenye mfuko wa gauni, akaenda kukunja mashuka.

Stoo ya mashuka iko nyuma ya jengo. Ina feni, dirisha moja na rafu mpaka juu. Kazi ni kupokea, kuhesabu, kukunja, kutoa. Anayetaka mashuka hujaza fomu na kuisukuma chini ya dirisha dogo, kwa hiyo hakuna haja ya kusemezana. Yule wa dawa ya usingizi alikuja mara mbili wiki ya kwanza kumtania, akaona utani unapotea njiani, akawa anapunga mkono tu kwa mbali. Jumapili binti hupiga simu. Mama Maji humweleza kwamba siku hizi kazi imekuwa nyepesi, kisha humweleza tena.

Mtu mmoja alikuja kumtembelea. Yule mtoto alipasuliwa kule alikohamishiwa, baada ya kusubiri wiki tano, na sikio likapona. Aliporudi kuonyesha karatasi zake aliuliza aliko bibi wa maji, wakamwelekeza nyuma. Alisimama mlangoni akaita, "Bibi!" Akaita tena. Mama Maji alikuwa amempa mgongo, anakunja. Mama mtu akataka kupaza sauti, lakini mtoto, ambaye mambo haya anayajua, akamzuia. Akazunguka meza, akapenya kati ya marundo, akasimama mbele yake mahali ambapo angeonekana, ndipo akasema shikamoo.

"Marahaba," akasema Mama Maji, akimtazama midomo. "Unasikia?"

"Nasikia. Feni yako inalia."

"Inalia?"

"Sana. Kama ndege."

Walitazama feni pamoja. Kisha mtoto akaitwa na mama yake, akaenda.

Mwisho wa mwaka aliagizwa kupanga upya rafu zote. Kwenye ya tatu, chini ya mashuka ya kijani yaliyotoboka, alikuta daftari la zamani la chumba namba mbili, ambamo kwa miaka yote hiyo yeye mwenyewe aliandika kila kifaa kilichotoka na kilichorudi. Alikaa nalo kwenye kigoda, akafungua mwaka wa lile tangazo, kwa sababu muda alikuwa nao. Mwandiko wake ulikuwa mzuri wakati ule, umelala vizuri kwenye mstari. Keekee ilikwenda kwa fundi tarehe tatu ya mwezi wa tatu. Ilirudi tarehe kumi na tisa.